Majembe Yanapolala

Mama yangu alipenda misiba. Nasema hivyo nikijua watu watanishangaa, na yeye mwenyewe angekuwepo angenirushia gunzi la mahindi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hakupenda kifo. Alipenda kile ambacho watu hufanyiana baada ya kifo. Yowe likisikika upande wa mtoni, aliacha alichokishika, akajifunga khanga ya pili kiunoni, akabeba sufuria lake kubwa kuliko yote na kutoka. Alijua nani aketi wapi, nani awapikie uji wafiwa, na nani asipewe kabisa kazi ya kugawa nyama kwa sababu mkono wake una upendeleo. Sisi watoto tulimfuata nyuma, na nitasema ukweli, tulikuwa na furaha. Msibani kulikuwa na ugali wa mtama na nyama, kulikuwa na binamu waliotoka Musoma na hadithi za mjini, na zaidi ya yote hakukuwa na kulima.

Hili la kutolima nilieleze, maana ndilo lenyewe. Kwetu, katika vijiji vya pamba nje ya Bunda, mtu akifa majembe yanalala. Tangu yowe la kwanza hadi siku ya nne hakuna anayetia jembe ardhini, isipokuwa wachimba kaburi. Wazee walisema ardhi imefunguliwa ili kumpokea mtu, na kuikwangua wakati huohuo kwa ajili ya mbegu zako ni kumtukana marehemu na mama yake. Siku ya nne asubuhi mfiwa mkuu, awe baba, mama au mjane, anatoka nje na jembe na kupiga ardhi mara moja mbele ya watu wote. Hapo majembe yameamka, kila mtu anarudi shambani kwake. Ukilima kabla ya hapo unatozwa mbuzi, na mbuzi ni adhabu ndogo. Kubwa ni kwamba siku yako ikifika watu watakukumbuka. Zika uzikwe, ndivyo mama alivyotulea.

Juzi nikiwa hapa nyumbani kwangu Buhare nilimsikia mtaalamu mmoja redioni akieleza jinsi janga la Ukimwi lilivyoutikisa uchumi wa nchi yetu miaka ile. Alisema nguvukazi ilipungua, uzalishaji ukashuka, akiba za kaya zikamezwa na matibabu. Sikumpinga, kwa sababu yote ni kweli. Ila aliongea kwa sauti safi mno, sauti ya mtu aliyeshiba, nikatamani nimshike mkono nimpeleke kwenye shamba la pamba wiki chache baada ya mvua kuanza, nimwonyeshe magugu.

Kabla ya magugu kulikuwa na kaka yangu.

Kaka alikuwa fundi cherehani Mukendo, pale Musoma mjini, kwenye baraza la duka la mtu. Baba alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo kaka ndiye aliyekuwa mwanaume wa nyumba, ingawa mwili wake ulikuwa mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Nilipomaliza shule alinichukua nikae naye, nikawa natia vifungo na kupiga pasi ya mkaa. Katika miaka ya foleni, wakati sabuni na sukari vilipatikana kwa kujuana, na kitambaa nacho kwa kujuana zaidi, kaka aliweza kushona gauni kutoka kwenye pazia na suruali kutoka kwenye gunia la unga, na mteja akaondoka anatembea kwa maringo. Hakuwa ameoa. Ukimuuliza alisema, "Ngoja kwanza nishone shela za wenzangu, yangu nitaishona mwisho, iwe nzuri."

Kisha biashara ikafunguliwa, enzi za ruksa zikaja, na marobota ya mitumba yakashuka sokoni. Mwanzoni kaka alicheka. Alisema hakuna Mtanzania mwenye akili atakayevaa shati la Mzungu aliyekufa. Haukupita muda mrefu wateja wake wote wakawa wamevaa mashati ya Wazungu waliokufa, naye akabaki na kazi moja tu, ya kukata miguu ya suruali. "Hawa watu walikuwaga warefu sana," alikuwa akisema, huku vipande vya suruali vimejaa miguuni pake. "Na sisi tunavaaga magoti yao vifundoni." Tulicheka, lakini sufuria la jioni lilikuwa limepungua.

Ndipo watu wakaanza kukonda. Mjini walisema fulani amekanyaga miwaya, kijijini walisema amerogwa, na redio ilisema jina lenyewe waziwazi, jina ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele ya mgonjwa. Mimi nilirudi Bunda kila nilipotumiwa habari ya msiba, kwa sababu mama asingenisamehe kukosa. Mara ya kwanza ilikuwa mwalimu wa shule yetu. Kisha mkewe. Kisha mwanaume aliyekuwa na jozi ya maksai, ndiye aliyetulimia sote kwa plau. Maksai mmoja alichinjwa kwenye msiba wa bwana wake, na wa pili kwenye msiba wa mdogo wake aliyemfuata. Nilikula nyama ile kama wengine, na ilikuwa tamu, na mwaka uliofuata tulilima kwa mikono. Hayo mtaalamu wa redioni hakuyasema, kwamba nchi inaweza kukaa msibani ikala plau yake yenyewe.

Waliokuwa wanakufa walikuwa wenye nguvu za kushika jembe. Na kila mmoja wao akifa, majembe ya waliobaki yalilala. Wiki inapita, yanaamka, watu wanapalilia mistari miwili, mitatu, yowe linapigwa tena. Pamba changa haisubiri. Ukiichelewesha palizi ya kwanza, magugu yanainyonya hadi inakuwa ya njano, na hata ukija kuyang'oa baadaye inabaki imedumaa kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Sijui walikuwa wanazungumzia wengi wangapi.

Msimu mmoja bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akakusanya watu mbele ya ghala la chama cha ushirika. Alikuwa kijana mpole, mwenye soksi safi hadi tukamwonea huruma. Akatueleza kwamba pamba inaliwa na magugu, na kwamba taifa zima linaitegemea pamba yetu ili lipate fedha za kigeni za kununulia mafuta na dawa.

Mama alisimama. "Mwanangu, salamu tumekupa, na maji umekunywa. Sasa nenda uliambie taifa lije lizike. Likishatusaidiaga kuzika, na sisi tutalipalilia."

Watu walicheka hadi bwana shamba naye akacheka. Lakini jirani yetu wa ng'ambo ya kijito hakucheka. Huyu alikuwa mjane kama mama, wa rika moja naye, na walikuwa wakiazimana chumvi na moto tangu mimi sijazaliwa. Alisimama akasema taratibu kwamba siku nne ni nyingi, zingepunguzwa ziwe mbili, au hata moja.

"Mimi niko na watoto saba ndani ya nyumba," alisema, "na watatu tu ndio nimewazaa. Hao wengine wazazi wao tumewazika sisi wenyewe hapa, siku nne, siku nne. Magugu haina msiba, dada."

"Mtu si kuku," mama alimjibu. "Kuku ndio anafukiwaga leo, kesho mnaendelea na kazi."

"Sijasema ni kuku."

"Umesema siku moja. Siku moja ni ya kuku."

Wazee walimuunga mkono mama, siku zikabaki nne. Wale wanawake wawili hawakugombana hadharani, lakini chumvi haikuvuka kijito tena. Nilimwambia mama kwamba jirani alikuwa na hoja. Akaniambia nirudi Musoma nikatie vifungo.

Ukali wake huo niliuona vizuri zaidi Butiama, ambako ndiko kwao. Dada yake mkubwa alifariki, tukaenda, tukakuta huko walishapunguza siku. Kesho yake baada ya mazishi mjomba alitoka na jembe, akapiga ardhi, na watu wakaanza kuondoka.

"Dada, huku tumeshakubaliana," mjomba alijitetea. "Watu wanakufaga kila wiki. Tutalima saa ngapi?"

"Nyie nendeni mkalime," mama alisema. "Mimi nabaki na dada yangu."

Akatandika mkeka wake mbele ya nyumba na kukaa, siku zote nne, peke yake. Wanaukoo walipopita asubuhi na majembe mabegani, aliwaitikia salamu kwa adabu lakini bila kuwatazama, kama unavyomfanyia mtu uliyemkuta anaoga mtoni. Jioni walirudi wamechoka, wakampikia. Mke wa mjomba alininong'oneza kwamba mama yangu alikuwa mgeni mgumu kuliko wakaguzi wa serikali. Mimi nilikaa naye kwa aibu, nikimkasirikia, na nikimpenda, maana jioni ya mwisho nilimsikia anaongea na dada yake, anamweleza habari za nyumbani kwetu, nani ameolewa na mbuzi wangapi wamezaa. Tulipopanda gari la kurudi Bunda alikuwa anaimba wimbo wa kanisani.

"Angalau kuna mtu alikaa," aliniambia.

Mwaka uliofuata kaka akaanza kukohoa. Alijua kabla yangu. Siku moja alifunga cherehani lake kwa kamba, akaligawa lile rundo la vipande vya suruali kwa majirani wa Mukendo wakajazie mito, akaniambia, "Twende kwa mama." Tulisafiri na cherehani juu ya paa la basi, naye njia nzima alikuwa anauliza kila tuliposimama kama bado lipo. Tulipofika mama alitazama mashavu yake, akatazama viganja vyake. Akaingia jikoni kukoroga uji.

Nimewahi kusoma kwamba wagonjwa wa miaka ile walikuwa mzigo kwa familia. Huyu wetu hakuwa mzigo. Alikuwa mtu wa kuchekesha aliyelala kwenye mkeka barazani. Siku alizokuwa na nguvu alikaa akashona, mimi nikimzungushia gurudumu. Alishona sketi za shule za wale watoto wa ng'ambo ya kijito, akawaomba wamlipe kwa kumletea mapera. Jirani alipokuja kuchukua sketi, yeye na mama walisalimiana kwa kutaja hali ya hewa, kaka akawacheka wote wawili. Siku alizokuwa hana nguvu, mama alimlisha furu waliokaushwa, akiwachambua miiba mmoja mmoja, samaki wadogo wale ambao tayari walikuwa wameanza kupotea ziwani. Alimwogesha, mwanaume mzima, akimsuta kwamba hata utotoni hakuwa akipenda maji.

Katika siku hizo niliona jambo moja tu ambalo mama alilitaka. Hakumwomba Mungu ampe uponyaji; nadhani alikwishaliacha hilo. Tulikuwa tunasikia kwamba sehemu nyingine waliokufa kwa ugonjwa ule walizikwa haraka haraka, watu wachache, bila kulala matanga, kana kwamba wanaficha takataka. Mama alitaka mwanawe azikwe kama mtu. Alimwambia hivyo mwenyewe, bila kuzungukazunguka, maana walikuwa hawafichani kitu.

"Kijiji hiki nimekizikaga chote," alisema. "Na chenyewe kitakuzika wewe. Siku zote nne. Hakuna mtu atagusa jembe."

"Na kama nikifa palizi?" kaka akamuuliza.

"Nyamaza."

"Nauliza tu, mama. Magugu itawamaliza watu. Basi nitajitahidi. Nitavumilia mpaka kiangazi, nife wakati watu hawana kazi."

Hapo ndipo gunzi liliporuka. Lilimkosa, likampata kuku, tukacheka wote watatu hadi kaka akakohoa, mama akamshika mgongo.

Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imekatika mapema, ghala za watu zilikuwa tupu, tulikuwa tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni. Kwa hiyo mvua ya mwaka huo iliponyesha vizuri, kila mtu alipanda hadi uani, pamba huku, mtama kule. Mama naye alipanda pamba yake nusu eka nyuma ya nyumba, mimi nikimsaidia. Vyote vikaota kwa pamoja, mbegu na magugu. Ndani ya palizi ya kwanza tukazika watu wawili. Majembe yakalala, yakaamka, yakalala. Ukisimama barazani kwetu, mashamba yote mpaka mlimani yalikuwa ya kijani kibaya, kijani kisicho na mistari. Watu hawakuongea juu ya hilo, lakini ukikaa nao uliona macho yanakwenda huko. Kila mtu alijua kwamba likipigwa yowe jingine kabla hawajapalilia, msimu umekwisha, na baada yake ni njaa tupu.

Kaka alifariki asubuhi, kabla ya chai. Alikuwa ameomba aketishwe, mama akamketisha, akamwegemea.

Yowe la mama sitaki kulieleza. Ninachotaka kusema ni kwamba walikuja. Wote. Nilikuwa nimeogopa kwamba hawatakuja, kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, na kwa sababu ya magugu, lakini kabla jua halijakaza uwanja ulikuwa umejaa. Jirani wa ng'ambo ya kijito ndiye aliyefika wa kwanza, amejifunga khanga ya pili kiunoni, amebeba sufuria. Aliingia ndani, akamshika mama, wakakaa chini wote wawili. Baadaye alitoka akachukua usukani wa jiko, na akawapanga watu kama vile mama angewapanga. Hakuna aliyetaja habari ya siku. Wale wazee waliokuwa wamemuunga mkono mama wala hawakuinua macho.

Tulimzika kesho yake mchana. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, wachimbaji hawakupata shida. Mmoja wao alikuwa kijana mwenye watoto wadogo, na shamba lake lilianza pale pale nyuma ya ua wetu wa minyaa. Kila alipotupa udongo nje alinyanyua kichwa, akatazama juu ya ua, akainama tena. Nilimwona. Na nilipogeuka nikaona kwamba mama naye anamtazama. Katekista alikuwa anasoma, watu wanaitikia, na mama hakuwa anatazama kaburi. Alikuwa anamtazama yule kijana anayetazama shamba lake.

Baada ya mazishi watu walikaa kwenye mikeka. Chakula kiliandaliwa. Mama alinyanyuka akaingia ndani, tukadhani anakwenda kulala, maana hakuwa amefumba jicho. Akatoka na jembe.

Nakumbuka sauti zilivyokatika, kuanzia waliokuwa karibu na mlango hadi waliokuwa jikoni. Alitembea hadi katikati ya uwanja, jembe mkononi, khanga imelegea begani. Jirani ndiye wa kwanza kuelewa. Aliacha mwiko ndani ya ugali, akaja mbio.

"Hapana, dada," alisema. "Hapana. Usifanye hivyo. Huyu ni mtoto wako."

"Najua ni mtoto wangu."

"Siku zake bado. Siku nne, dada, ulisema mwenyewe. Tutakaa. Hatuna haraka."

"Mko na haraka," mama alisema. "Mko na haraka na mnanionea aibu. Mfiwa ni nani hapa?"

Jirani alinyoosha mkono kulishika jembe, mama akalivuta.

"Nauliza, mfiwa ni nani?"

"Ni wewe," jirani alisema, na machozi yakaanza kumtoka, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mumewe sikumwona akilia.

Mama akainua jembe akapiga. Ardhi ilikuwa laini, jembe likazama lote. Akaliacha limesimama pale. "Kesho asubuhi mkapalilie," aliwaambia. "Mwanangu alikuwa hapendi kumchelewesha mteja." Kisha akarudi ndani, akajilaza kwenye mkeka wa kaka, na akageukia ukutani.

Nilimkasirikia. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa na hasira kweli. Kwa dada yake alikaa siku nne peke yake akiwaaibisha watu wa Butiama, na kwa kaka yangu akatoa siku moja, ya kuku. Nilimwambia hivyo usoni asubuhi yake, tukiwa tumekaa mlangoni. Aligeuza sikio upande wa mashamba. Alikuwa anasikiliza. Kutoka pande zote, ng'ambo ya kijito, nyuma ya ua wa minyaa, hadi chini ya mlima, yalikuwa yanasikika majembe. Sijawahi kuyasikia mengi namna ile kwa wakati mmoja. Kila moja lilipopiga, kope za mama zilicheza kidogo.

Mchana walirudi. Walikuja moja kwa moja kutoka shambani, matope magotini, wakaweka majembe yao nje ya uwanja na kukaa nasi hadi giza lilipoingia. Walifanya hivyo siku zote zilizobaki. Asubuhi palizi, mchana msiba. Tangu mwaka ule ndivyo wanavyofanya pale kijijini hadi leo, na ukiwauliza vijana watakwambia ndiyo mila yao ya tangu zamani.

Siku ya tano jirani alikuja na wanawake wengine, majembe mikononi, wakaelekea nyuma ya nyumba kwenye pamba ya mama. Waliona ni zamu yao kumfaa. Mama aliwawahi, akasimama mbele yao.

"Hiyo acheni."

"Dada, itakufa."

"Nimeyaamsha majembe ya kwenu," mama alisema. "Hili la kwangu limelala."

Walimsihi, nami nikamsihi. Hatukuwa na akiba yoyote. Akakataa kabisa, na alipokataa mama yangu, hata mvua ilitafuta njia nyingine. Tuliishi kwa vibarua vyangu na cherehani la kaka, na kwa vibakuli ambavyo watoto wa ng'ambo ya kijito walivileta jioni bila kusema wametumwa na nani. Chumvi nayo ikaanza tena kuvuka maji. Asubuhi mama aliwasaidia wenzake kupalilia, baadaye kupulizia dawa, baadaye kuvuna, mashamba yote isipokuwa lake. Lake lilikua lilivyotaka. Magugu yakapita pamba, yakatoa maua, ndege wakahamia.

Msimu ule ndio ulikuwa wa kwanza kwetu wanunuzi binafsi kuruhusiwa kuja na mizani yao. Aliyekuja kijijini petu alikuwa kijana mgeni, mchangamfu, mwenye lori lililopakwa rangi mpya, na alifurahi kweli alipoona pamba ilivyo nyingi na nyeupe. Akaanza kupima gunia la jirani, mama akiwa amelishika mdomo. Katikati ya kupima akainua macho, akaona ile nusu eka ya msitu nyuma ya nyumba yetu.

"Na lile la nani?" akauliza, anacheka. "Kumbe hata huku kuna wavivu."

Mama hakuachia gunia.

"Pale kuna msiba, baba," jirani alimwambia, kwa upole kama unavyomwambia mgeni mahali pa kunawa mikono. "Mfiwa bado hajaamsha jembe. Wewe pima pamba."

Yule kijana alitutazama sote, akapima.

Lori lilipoondoka tulirudi nyumbani, mama na mimi. Alisimama ukingoni mwa shamba lake, mahali ambapo hakuwa amesimama tangu siku ile aliyowazuia wenzake. Magugu yalikuwa yamempita kiuno na sasa yalikuwa makavu, na ukipita upepo yalipiga kelele. Kijiji kizima kilikuwa kimevuna. Hakuna mtu kwetu, mzee wala kijana, ambaye jembe liliwahi kulala kwa ajili yake muda mrefu kama kaka yangu.

Hakulia. Alishika khanga yake, akaifunga upya, akavuta pumzi.

"Imetosha," alisema. "Kesho nipe jembe yangu."